Kampuni yetu ya matunda, timu ya wasichana wa Ludara na mfenesi uliosimama kwenye kona

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila siku nasoma nyuzi za wenzangu hapa, nacheka, naondoka kimya. Leo na mimi nimeamua kushusha wa kwangu.

Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na jina la kampuni nimeliacha kabisa, maana bado nakula mkate wao. Lakini chumvi sijatia. Mkiona kuna mahali panachekesha, jueni hata siku yenyewe palichekesha.

Kidogo kuhusu mimi. Naishi Mvara, hapa Arua, Uganda, upande wa West Nile. Ni dereva wa lori la kampuni inayonunua matunda ya wakulima: maembe, nanasi na fenesi. Mengine yanauzwa mabichi, mengine yanakaushwa na kufungwa kwenye pakiti. Njia yangu ni Arua kwenda Koboko, halafu naingia vijijini. Ludara ndiko ninakopakia mzigo mwingi.

Wabongo na Wakenya mtanivumilia jambo moja. Kiswahili cha huku kilikuja na jeshi na biashara, kikakaa hivyo hivyo. Watu wangu wakizungumza nitawaacha waseme kama wanavyosema. Msianze kusahihisha watu kwenye comments.

Haya, twende.

Pale kampuni kuna bosi wa mambo ya mazingira na jamii. Tumwite Madam Candiru. Mlugbara wa hapa hapa Arua, mfupi, mkali, na sauti yake haihitaji spika. Neno lake ni sustainability, yaani kutumia bila kumaliza. Asubuhi sustainability, mchana sustainability. Nilipolisikia mara ya kwanza nikajua ni yale maneno ya kuandika kwenye bango wageni wakitoka nje ya nchi.

Baadaye neno lenyewe likapanda kwenye lori langu.

Zamani nikishusha mzigo Arua nilikuwa narudi Koboko na nafasi nyuma, na dereva akiwa na nafasi nyuma hakosi abiria wa pembeni, wenzangu mnaelewa. Madam akaamua maganda na makapi yote ya kiwandani yawe mboji, na mboji irudi kwa wakulima bure. Nani wa kuirudisha? Mimi hapa. Nikawa nakwenda Arua nanukia fenesi bivu na kurudi Koboko nanuka fenesi bovu. Mke wangu akaanza kunisalimia akiwa mlangoni, hasogei.

Sheria ya pili ilikuwa kuhusu miti. Huku kwetu mti wa matunda ukikaa pabaya, watu wanauona tayari mkaa, au kuni za kuchomea matofali. Madam akasema kampuni hainunui kwa mtu anayekata mti wa matunda. Akikata mmoja, kikundi chake chote cha kijiji kinasimamishwa. Wakulima walinung'unika, mimi nikanung'unika nao kwa sababu nilikuwa na hasira zangu za mboji.

Halafu kampuni hiyo hiyo ikaja na habari ya mpira.

Wakatangaza kudhamini ligi ya wasichana, timu za vijijini Koboko mpaka za Arua. Kampuni inatoa jezi, mipira, nyavu, na usafiri. Usafiri ni lori gani? Mnajua jibu. Ila hapa sikunung'unika, maana mpira naupenda kuliko ninavyopenda usingizi.

Ludara walikuwa na timu tayari, tena timu kweli. Kapteni wao anaitwa Poni, kiungo, anakaanga chapati pale sokoni. Mikono ile ile inayokanda unga asubuhi, jioni inawaelekeza wenzake uwanjani na hakuna anayebisha. Wasichana wengine ni wa mashambani, wengine wana watoto wachanga. Wanacheza wakimaliza kazi na kabla ya kwenda kupika.

Sasa naomba muuone uwanja wao, maana kisa chote kiko hapo.

Uwanja ni ardhi ya Mama Zubeda, mjane wa mwanajeshi. Marehemu mumewe ndiye aliyewaruhusu vijana kucheza pale, na mama akaendeleza. Kwenye kona moja, ndani kabisa ya laini, ulisimama mfenesi. Sio nje. Ndani. Ukitaka kupiga kona upande ule, unapiga huku umeegemea shina.

Mfenesi mnaujua, unazaa kwenye shina, chini, mahali ambapo mpira unapita. Na mafenesi yale ndiyo maisha ya Mama Zubeda. Mengine anauza vipande sokoni, mengine anatuuzia sisi, na wajukuu wanasoma kwa mti huo.

Kwa hiyo Ludara wana sheria yao ambayo hamtaikuta kwenye kitabu cha refa yeyote duniani. Mpira ukigonga mti, mchezo unaendelea. Lakini mchezaji akiangusha fenesi, hata liwe changa kama ngumi, anapewa kadi ya njano. Anaingia kwa Mama Zubeda baada ya mechi kuomba msamaha, na jioni ile anamchotea maji. Nimeona straika hatari kabisa akiogopa kupiga shuti kona ile kwa ajili ya sheria hii.

Upande wa pili wa uwanja kuna shamba la mihogo la Afande Juma, askari mstaafu. Huyu mzee mpira ukiingia kwenye mihogo yake, haurudi. Anauokota, anaingia nao ndani, anafunga mlango. Hakupigi, hakutukani. Anauchukua tu. Wasichana walikuwa wanasema mipira iko jela kwa Afande.

Basi, watu wa ligi wakaja kukagua. Kijana mmoja na futi yake ya kamba, mpole tu, kazi yake. Akapima, akauangalia mti, akaangalia karatasi yake, akauangalia mti tena.

Akasema uwanja hauwezi kuwa na mti ndani. Ama mti utoke, ama mechi zote za nyumbani zikachezwe Koboko mjini.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa wasichana wale ilikuwa kufa kwa timu. Kwenda Koboko na kurudi ni kufika nyumbani giza limeingia. Waume na mama wakwe wangapi watakubali hilo kila wiki? Poni alinihesabia mmoja mmoja nani atakatazwa, na alipofika mwisho hawakubaki hata wa kujaza nusu ya uwanja. Alikuwa anaongea huku akigeuza chapati, na chapati ikaungua. Poni haunguzi chapati.

Nilirudi Arua nikiwa na uzito moyoni. Nikamwambia Madam, akasema atafikiria. Ludara hawakusubiri afikirie.

Siku moja nikiwa Koboko, Poni akanipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha ya kulazimisha. Akaniambia nifike na lori likiwa tupu, kijiji kina zawadi ya kuishukuru kampuni.

Wakuu, nilijua ni mbuzi. Niliona kabisa mbuzi wawili, na mmoja wao akishukia kwangu Mvara kwa bahati mbaya.

Nikafika. Uwanja umejaa watu, wameukata majani, laini zimechorwa kwa majivu, pazuri kweli. Kwenye kona, mafenesi yote yameangushwa na kupangwa chini, makubwa kwa madogo, mpaka yale machanga. Mama Zubeda amekaa kwenye kiti kidogo kando yake, kajifunika mtandio, anaangalia mbele. Na wanaume wawili wana mashoka. Shina lilikuwa limeshapigwa upande mmoja. Utomvu mweupe unatiririka.

Nikauliza kuna nini. Mwenyekiti wa timu akanijibu huku anatabasamu:

"Dereva, hii mti nakata sasa. Uwanja nakuwa muzuri. Na kuni yote wewe nabeba, napeleka kampuni. Nyinyi iko na kazi mingi ya kukausha matunda, kuni nasaidia."

Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Mnaelewa? Walidhani tunakaushia matunda kwenye moto. Wanatushukuru kwa kutukatia mti wa matunda, ili tuuchome tukaushie matunda. Kampuni ambayo haichomi hata kijiti, matunda yake yanakaushwa kwa jua kwenye vibanda vya nailoni. Tena wakikata, kikundi chao kizima kinafutwa kwenye wauzaji, na wao walidhani sheria ile ni ya miti ya mashambani tu, sio ya uwanjani. Na roho zao zilikuwa safi kabisa. Sijui kama nilitaka kucheka au kulia.

Nikamgeukia mwenye mti. "Mama, wewe umekubali?"

"Mimi nasema wakate. Hawa watoto yangu. Kama hapana mpira, wao nakaa tu nyumbani na kulia. Mimi nakula nini, Mungu iko."

Alisema bila kulia. Poni ndiye aliyekuwa analia, kageukia upande wa goli ili asionekane.

Nikawaambia watu wasubiri nimpigie bosi. Jamaa wa shoka akaniambia wasubiri nini, mti umeshaumia, na mafenesi yameshashuka. Akatema mate mikononi, akashika shoka vizuri.

Hapa nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi. Nikapanda lori, nikawasha, nikapita katikati ya uwanja wao mzuri waliouchora majivu. Nikalisogeza bodi la lori mpaka likaligusa shina, upande ule ule wenye jeraha. Nikazima, nikatoa funguo, nikaweka mfukoni.

Shoka halina pa kupita, na wakipiga upande wa pili mti unaangukia lori.

Kelele zilizopigwa siwezi kuziandika, moderator atafuta uzi. Mwenyekiti alinikumbusha ukoo wangu wote. Mimi nikapanda juu ya paa la lori kutafuta network, maana Ludara network unaitafuta kwa kupanda. Madam akapokea. Nikamweleza. Nikajua sasa atasema sheria ni sheria, kikundi kimesimamishwa.

Akasema, "Usitoe lori. Nakuja."

Akakata simu.

Tukakaa. Watu wamenuna, mimi nimekaa kwenye ngazi ya lori. Mama Zubeda akatuma niletewe maji ya kunywa. Mama huyu mti wake umepigwa shoka, na anafikiria kiu yangu.

Madam alifika na pickup ya kampuni, kajaa vumbi. Nilitegemea mahubiri. Hakuhubiri. Aliangalia mafenesi yaliyopangwa chini, akaangalia jeraha, akaenda akapiga magoti mbele ya kile kiti kidogo na kumsalimia Mama Zubeda kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti yake ile:

"Nani amewaambia kampuni inataka uwanja bila mti? Sisi tunataka yote mawili."

Mwenyekiti akamuuliza mawili yatakaaje mahali pamoja. Madam akaomba kamba. Wakapima. Uwanja ukisogezwa kuelekea upande wa pili, mti unabaki nje ya laini na vipimo vinatimia.

Lakini upande wa pili ni mihogo ya Afande Juma.

Kila mtu akaangalia chini. Hakuna aliyejitolea kwenda kubisha hodi kule. Hata Madam alibaki anakunja kamba.

Hakukuwa na haja ya kwenda. Afande alikuwa anakuja mwenyewe. Mzee mrefu, fimbo mkononi, kofia ya zamani, anakatiza uwanja moja kwa moja kwenye lori. Nikajua sasa na lori linaingia jela.

Akainama akachungulia nyuma ya bodi. Akaona jeraha. Akauliza polepole:

"Mutu gani alipiga hii mti?"

Wale wawili wakaficha mashoka mgongoni.

"Nauliza. Mimi niko ndani, nasikia shoka. Mutu gani?"

Mwenyekiti akaanza kueleza habari za ligi na vipimo. Afande akamkata:

"Meno yangu iko wapi?" Akafungua mdomo, wote tukaona. Yalikuwa yamebaki machache ya pembeni. "Nyama hapana. Mahindi hapana. Kila mwaka, fenesi ya kwanza kuiva, huyu mama naleta kwangu. Tangu bwana yake iko hai. Yeye naleta, hapana sema kitu, mimi nakula. Sasa nyinyi nakata, mimi nakula shoka?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, halafu wengine, halafu hata Poni na machozi yake.

Kumbe mzee ambaye kijiji kizima kinamwogopa alikuwa anapelekewa fenesi la kwanza kila msimu na yule mama, na hakuna aliyejua. Mama Zubeda hakutangaza. Afande ndiyo kabisa.

Madam hakupoteza nafasi. Akamweleza kuwa mti unaweza kupona, ila uwanja lazima usogee, na pa kusogea ni kwake. Afande akaigeukia mihogo yake, akaiangalia kwa muda. Ile mihogo ilikuwa imestawi, wakuu, nisiseme uongo.

"Songa laini," akasema.

Mama Zubeda akasimama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akamwambia kipande kitakachobaki wazi upande wake, nyuma ya kivuli cha mti, kiwe cha Afande cha kupandia. Hapakuwa na karatasi wala mzee wa kushuhudia. Walipeana mkono tu, mbele yetu.

Siku zilizofuata wasichana waling'oa mihogo ile, wakaibeba yote mpaka kwa Afande, na mabua wakayapanda kipande kipya. Mboji niliyokuwa nailaani ndiyo iliyokwenda kwenye mashimo. Nilishusha mwenyewe kwa koleo, na sikusikia harufu yoyote.

Afande alitoka ndani na gunia. Akaligeuza, ikamwagika mipira. Mingine imekauka, mingine imetoboka, mingine ni ya tangu Poni akiwa mtoto. Poni aliutambua mmoja, akaukumbatia.

Jeraha la mti Mama Zubeda alilifunga kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe na kulizungushia gunia. Mafenesi yaliyokomaa yaliivia ndani ya magunia tukayanunua. Machanga wakala mbuzi. Msimu ule mti ulisimama mtupu, na kila nikipita nilikuwa napunguza mwendo niuangalie. Majani ya upande mmoja yalikuwa yanadondoka. Mama akiniona anasema tu, "Bado iko." Na mimi namjibu, "Bado iko, mama."

Madam alinitafutia adhabu ya kuharibu laini za majivu: kuwabeba Ludara kwenda mechi zote za ugenini. Adhabu tamu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Ligi ikachezwa. Kampuni ilitimiza ilichoahidi, jezi, mipira, nyavu, na kila timu ilipanda miche kuzunguka uwanja wake. Nje ya laini, Madam alisimamia mwenyewe.

Msimu wa ligi uliofuata Ludara walicheza nyumbani na timu ya kwetu Mvara. Mfenesi ulikuwa umeanza kuzaa tena, machache tu, upande ule usio na jeraha. Poni akapiga shuti, likapaa, likatoka nje, likagonga shina. Fenesi moja changa, puu, chini.

Refa alikuwa mgeni kutoka Arua. Akaonyesha goal kick, akageuka zake. Watu wote wakamgeukia Poni. Mti sasa uko nje, sheria ya zamani haina nguvu tena.

Poni akamfuata refa mbio, akasimama mbele yake, akasema: "Mimi nimeangusha. Nipe kadi."

Refa hakuelewa kitu. Alimwangalia kwanza kocha, kisha mashabiki. Afande Juma alikuwa kwenye laini amenyoosha fimbo: "Toa kadi! Iko sheria!" Basi yule kijana akatoa kadi ya njano huku anacheka, na watu wakashangilia kama goli. Jioni nikamwona Poni na jerikeni kichwani, bado na jezi.

Kwa taarifa tu, Mvara tulishinda. Nilishangilia kimya kimya ndani ya lori, ningefanyaje.

Sasa mwisho, ndio ulionifanya niandike.

Wiki chache baadaye nilikwenda kupakia. Nimemaliza, nimewasha, namwona Afande Juma anakuja na fimbo, na mkono mwingine amekumbatia fenesi kubwa, limeiva mpaka harufu imefika kabla yake. La kwanza tangu mti ulipopigwa shoka.

Nikamwambia, "Afande, hilo ni lako. La kwanza ni lako kila mwaka."

Akafungua mlango wa upande wa pili, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akalifunga mkanda.

"Mwaka hii ni ya lori," akasema. "Lori alisimama. Wewe nasaidia yeye kukula."

Akafunga mlango, akaondoka bila kuaga.

Niliendesha mpaka Mvara na lile fenesi limekaa pembeni yangu na mkanda wake. Njiani nililia, sioni haya kusema. Nyumbani tulipaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, tukakaa chini mimi na mke wangu na watoto, tukalila lote. Siku hiyo mke wangu hakulalamikia harufu.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Ahadi ya kampuni ikiwa kwenye bango ni maneno tu, mimi nilikuwa wa kwanza kuyadharau. Nilipomwona Madam amepiga magoti kwenye majivu mbele ya Mama Zubeda, ndipo nilipoliamini lile neno lake refu. Na shukrani nayo inahitaji kuuliza kwanza, maana watu wema kabisa nusura wakate mti unaomlisha mjane, eti ni kushukuru.

Nawashukuru wote wanne, Poni, Mama Zubeda, Afande na Madam wangu. Mboji nabeba mpaka leo, na bado inanuka.

Karibuni kwenye comments. Viwanja vya kwenu vina sheria gani za ajabu? Na kama kuna refa humu, niambie ukweli: ungetoa ile kadi?